Mashine ya Begani

Baba alipofariki alituachia mashua ya futi 34 iliyoundwa Matondoni, na ndani ya mashua hiyo akatuachia dizeli. Mashua tuliigawana kwa hisa kama sheria ya mirathi inavyotaka. Dizeli haikugawika. Ilipokuwa nzima ilikuwa ya wote. Ilipoharibika ilikuwa yangu, kwa kuwa ndugu zangu waliishi Mombasa na Malindi, nami ndiye niliyebaki Amu, yaani mji wa Lamu, hatua chache kutoka gatini. Mambo ya mashine niliyajua kwa kifua: nimelala juu ya mataruma, spana mkononi, uso karibu na ngama.

Hatimaye tuliing'oa, tukaziba tundu lake, tukafunga mashine ya nyuma. Njia panda hiyo wameifikia wengi wenye vyombo vya tanga. Hata Ulaya na Marekani wako wenye mashua ndogo za miaka ya 1970 ambao injini zao za ndani zimechoka, nao hujiuliza hilohilo: tuifufue ya ndani au tufunge ya nyuma? Ninamwandikia anayejiuliza, na pia asiye na chombo kabisa, kwa sababu kazi ile ilinifunza namna ya kuchagua kitu chochote cha kutafutia riziki, kiwe jenereta, cherehani au pampu ya kisima.

Kwanza niitendee haki dizeli. Haikuingia mle kwa anasa. Zamani vyombo vya kwetu vilipakia boriti za mikoko na kupeleka mbali, hadi mwaka 1982 Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Kazi iliyobaki ikawa ya hapa kwa hapa: mawe, mchanga, chokaa, saruji, na watu wanaokwenda Mtangawanda, Siyu, Faza na Kizingitini. Abiria wa namna hiyo hangojei upepo. Ana mgonjwa, ana mtihani, ana harusi. Baba akaona asipotia injini atabaki na tanga zuri na ngama tupu. Akamwita fundi, fashini ikatobolewa, shafti ikapitishwa, ikawekwa injini ya silinda mbili ya kuwasha kwa kuzungusha mkono.

Ilifanya kazi. Rafadha yake ilikuwa pana, imekaa chini kabisa nyuma ya mkuku, hivyo chombo kikienda mrama kiasi gani, yenyewe ilibaki majini. Ilizunguka polepole kwa nguvu nyingi. Mafuta ilikunywa kidogo: injini ya dizeli hutumia takriban robo lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi inayoitoa, na yetu haikulazimishwa kutoa zote. Tena mafuta yenyewe hayana hasira, kwani dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Baba alivuta sigara juu ya ubao wa injini miaka yote na hakuna kilichotokea. Katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka pale mlangoni pa kutokea bahari kuu, dizeli ilitutoa na kuturudisha.

Ubaya wake haukuwa katika kazi yake. Ulikuwa katika mahali pake. Ilikuwa imezikwa chini ya mbao za tezi, katika nafasi ambayo mtu mzima huingia nusu. Iliunganishwa na chombo kwa njia nne ambazo kila moja ni mlango wa maji au wa taabu: bomba la kuvutia maji ya bahari ya kuipoza, bomba la moshi, misumari mirefu ya kuishikilia kwenye mataruma, na shafti yenyewe. Pale shafti inapotoka nje pana glandi, yaani kola iliyojazwa kamba yenye grisi ili maji yasiingie. Glandi ikibanwa sana hupata moto na kuila shafti, ikilegezwa hudondosha. Yetu ilidondosha. Maji ya chumvi yalichanganyika na oili iliyovuja, na kila jioni mtu alilazimika kufua ngama iliyojaa uchafu mweusi wenye harufu iliyowatapisha abiria kabla bahari haijawagusa. Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tuliishi methali hiyo kila siku, ndoo mkononi.

Kisha ikaanza kuugua. Injini inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari hujenga chumvi katika njia zake za ndani, njia zikasongwa, joto likapanda. Siku moja tukiwa Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakiwa yanapwa, ilikata. Tulipotoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa imegeuka nyeupe. Maana yake maji yameingia, gasketi ya juu imekwenda au chuma chenyewe kimepasuka. Mkanda haukupi muda wa kutafakari; maji yakishapwa, umeketi juu ya tope mpaka yajae. Abiria wengine walichukuliwa na mashua nyingine, wengine wakabaki nasi wakipigana na mbu mpaka usiku.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Gasketi ni kipande kinachoingia katika bahasha. Lakini kipande hicho kilitafutwa Mombasa, kikaja kwa basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, na kilipofika tukagundua uso wa silinda hedi umepinda, nao unahitaji kusawazishwa kwa mashine ambayo Lamu haikuwapo. Hedi ikaenda Mombasa. Ikarudi. Bolti moja ikakatikia ndani. Wakati wote huo mashua ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, nzima kwa mbao zake, mlingoti wake na usukani wake, ila haiingizi hata shilingi. Abiria wetu walishazoea chombo kingine.

Fundi wa mashine, mtu wa maneno machache, alinyanyuka siku moja kutoka ngamani akajifuta mikono akasema, "Bwana, injini ya ndani ni kama gego. Likiuma gego moja, mwili mzima unapelekwa kwa daktari." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimelipia mwili mzima mwezi ule.

Tukakaa kikao cha familia. Kaka yangu alitaka dizeli mpya. Hoja yake ilikuwa na uzito: tunaijua, inakula kidogo, inadumu. Lakini bei ya dizeli mpya na giaboksi yake ingenunua mashine za nyuma zaidi ya mbili, na bado ingezikwa palepale. Ami yetu, ambaye alikuwa nahodha kabla mimi sijazaliwa, alisikiliza mpaka chai ikapoa. Akauliza, "Ikifa Mkanda, nani ataibeba?"

Hakuna aliyejibu, na swali hilo ndilo lililokata shauri. Mpaka hapo tulikuwa tunalinganisha mashine kwa siku zake njema: hii ina nguvu kiasi gani, ile inakula kiasi gani. Ami alizipima kwa siku ya ubovu. Kila kitu cha kazi kitaharibika. Kwa hiyo ubora wake nusu uko katika namna kinavyoharibika, ni wapi, nani atakifikia, na je, kazi itaendelea au itasimama ingojee kipone.

Vijana waliposikia tumekubali mashine ya nyuma walifurahi kupita kiasi. Wao walitaka ya nguvu 40, kama zile boti za fiba zinazopita mbele ya mji zimeinua omo. Ilibidi tuwaeleze kwa hesabu. Boti ya fiba ni nyepesi, ina tumbo bapa, nayo hupanda juu ya maji ikateleza. Mashua yenye tumbo haipandi. Hupasua maji, na kadiri inavyokazana hujitengenezea wimbi lenye urefu sawa na wake, ikabaki imefungwa ndani ya wimbi hilo. Kipimo chake kinajulikana: chukua urefu wa chombo pale kinapokatwa na maji, kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, utapata maili za bahari kwa saa. Yetu ilikuwa na futi 28 majini. Kipeuo chake ni 5.3 hivi, na jibu ni maili saba. Hapo ndipo mwisho wa mbio. Ukitia nguvu zaidi, tezi itazama, omo itapanda, petroli itaungua, na Faza itabaki mbali vilevile.

Kwa chombo cha namna hiyo mafundi hukadiria nguvu tatu au nne za farasi kwa kila tani. Tukachukua ya 15. Jambo lililotugharimu mazungumzo marefu na muuzaji ni rafadha. Mashine hizi hutoka kiwandani na rafadha ya boti nyepesi, ambayo kila mzunguko inataka kusogea mbali. Ukiifunga kwenye chombo kizito, mashine inalemewa, haifiki mizunguko yake, inatoa moshi na kuchafua plagi. Tulitaka rafadha yenye hatua fupi, ivute kidogo kila mzunguko lakini ivute kweli. Watengenezaji wengine hata huunda mashine mahsusi kwa kazi hii, zenye gia ya kupunguza mizunguko zaidi na rafadha pana.

Kung'oa dizeli kulisubiri bamvua. Mashua iliingizwa ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, ikategemezwa, na maji yalipokupwa ikabaki imesimama mchangani. Tukasimamisha boriti tatu tukazifunga vichwa juu ya tundu la injini, tukatundika kapi ya mnyororo. Bolti za kushikilia zilikatwa kwa msumeno, maana hakuna spana iliyozitikisa. Ilipoanza kunyanyuka, kilo zaidi ya 300 za chuma na kutu, ilikwama kwenye taruma moja, na ami akakataza mtu yeyote asitie mkono chini yake. Ikasukumwa kwa mti. Ikatoka. Chini yake tulikuta mbao nyeusi zilizolowa oili kiasi kwamba mdudu alikuwa hajagusa hata moja. Dizeli ilikuwa imezihifadhi kwa uchafu wake.

Fundi wa vyombo alichukua tundu la shafti kuwa ndiyo kazi yenyewe. Tundu katika fashini si la kuzibwa kwa kipande cha bati. Alichonga kizibo cha mbambakofi, mviringo wake ukipungua kidogo kidogo, akakipiga kutoka nje kwenda ndani ili maji yenyewe yakibane, akakipitishia msumari, kisha akakalafati pembeni kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya sifa, akipiga patasi kwa mapigo mafupi na kusikiliza sauti. Sauti ilipobadilika alijua pamba imejaa. Hakupima kwa kitu kingine.

Maji yalipojaa mashua ikaelea, nayo ikaelea vibaya. Tezi ilinyanyuka, na mstari wa deheni ukaonekana juu ya maji. Ilipoguswa ubavuni ililala upesi kuliko zamani. Ile injini tuliyoilaani ilikuwa pia farumi, uzito uliowekwa chini kabisa penye faida. Sasa tulikuwa tumeutoa, na tulikuwa tunakwenda kutundika uzito mwingine, mdogo lakini wa juu, mwisho kabisa wa tezi. Tukapakia magunia ya mchanga, tena hatukuyaweka palipokuwa na injini. Ami aliyasogeza kuelekea katikati, gunia moja moja, akiwa amekaa kwenye mtumbwi kando akiitazama mashua kwa mbali mpaka aliporidhika. Anayeng'oa injini asisahau hilo. Chombo kilichoundwa au kuzoezwa kubeba uzito fulani mahali fulani kitaudai.

Kisha pakaja ukuta wa tezi. Katikati amekaa usukani, naye hahami. Mashine lazima ikae ubavuni mwa usukani, na hapo pana shida mbili. Ya kwanza, inasukuma kwa upande, hivyo kana inavutwa kila wakati na nahodha lazima aijibu. Ya pili, chombo kikilala kwa tanga upande wa pili, mashine hunyanyuka pamoja na ubavu wake. Tulichagua kushoto kwa sababu gatini abiria wetu hupanda kulia.

Shida kubwa ilikuwa kimo. Mashine hizi huuzwa kwa urefu wa mguu wake: inchi 15, inchi 20, na inchi 25, hii ya mwisho ikipatikana zaidi kwa mashine kubwa au zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashua za tanga. Juu ya rafadha pana kibati bapa, na kibati hicho lazima kikae chini ya maji, la sivyo rafadha hunyonya hewa na kuzunguka bure. Tezi ya mashua ya kwetu iko juu sana. Ukifunga mashine juu ya ukingo wake, hata mguu mrefu hautafika.

Vijana walishauri tukate pengo katika ukuta wa tezi, tuishushe humo. Fundi aliuliza kama wamewahi kurudi nyumbani wakati wa kusi, mawimbi yakija kwa nyuma. Pengo linaloshusha mashine ndilo mlango wa kupandishia bahari. Badala yake akatengeneza ubao wa nje, unaojitokeza nyuma ya tezi chini ya ukingo. Hakupima ufukweni. Alingoja mashua ielee na farumi yake yote, akatupakia sisi sote tukae pale abiria wanapokaa, akachukua kijiti chenye alama akapima kutoka usoni pa maji kwenda juu urefu wa mguu wa inchi 20, akarudisha chini shubiri nzima ili kibati kizame, akapiga alama ya chaki. "Hapa," alisema, "na akishuka mtu mnene, mashine itajua."

Ubao wenyewe ulikuwa wa unene wa inchi mbili, umepitishwa bolti hadi ndani, na kwa ndani umewekewa miti iliyoegemea mataruma, kwa sababu msukumo wote wa mashine huingia chomboni kupitia ubao huo na si mahali pengine. Chini ya skrubu za kubana aliweka bati ili zisile mti. Mwisho akafunga kamba nene kutoka kwenye mashine hadi ndani ya mashua, maana skrubu hulegea kwa mtetemo, na mashine iliyolegea haikwambii.

Mashine ile ilikuwa chini ya kilo 40. Kijana mmoja aliibeba begani kutoka dukani hadi gatini, akipishana na punda kwenye vichochoro, akaishusha bila kutweta sana. Nikamtazama ami. Swali lake lilikuwa limejibiwa.

Kusi la kwanza likatuonyesha bei. Tulipotoka mlangoni upande wa Shela, pale maji ya ndani yanapokutana na bahari kuu, omo ilizama, tezi ikapanda, rafadha ikatoka nje ya maji na mashine ikapiga kelele ya kutisha. Kijana akapunguza. Tezi ikarudi, akaongeza. Tezi ikapanda tena. Huwezi kusafiri namna hiyo, na mashine yenyewe haitadumu. Dizeli ingepita pale. Ami hakusema kitu ila "Pandisheni tanga," nasi tukapandisha.

Hapo pakaonekana pengo lingine. Kwa miaka ya dizeli, tanga lilikuwa limegeuka pambo. Lilikunjwa kwenye foromali likaliwa na jua, na vijana wetu, watoto wa mabaharia, walikuwa hawajui kupindua tanga katika upepo mkali. Tulinunua turubai jipya, na ami akawa anatoka nao, akiwafundisha kushika demani, kusoma matlai ya asubuhi, kujua maji mafu na bamvua kwa mwezi bila kufungua simu. Ratiba nayo ikabadilika. Zamani tuliondoka abiria wakitimia. Sasa tuliondoka maji na upepo vikiruhusu, tukatumia mashine katika Mkanda, penye mikoko, na pa kuingilia gatini; nje, palipo wazi, tanga ndilo lililofanya kazi. Baadhi ya abiria walitukimbia kwa sababu hiyo. Waliobaki walikuwa wanalipa nauli ndogo zaidi, nasi tuliweza kuipunguza.

Tuliweza kwa sababu tulilazimika. Mashine ya mipigo miwili kama yetu ikifunguliwa yote hutumia petroli karibu mara mbili ya dizeli kwa nguvu ileile, na ya 15 humaliza lita sita au zaidi kwa saa. Juu ya petroli kuna oili ya kuchanganya, moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa kila lita, na anayekisia kwa jicho ataiua mashine kwa ukame au ataisonga kwa moshi. Gharama hiyo iliyakata mazoea ya kuwasha hovyo. Dizeli ya bei nafuu ilitufanya tusahau upepo. Petroli ya bei kali ilitukumbusha kwamba upepo hauna risiti.

Hatari nayo ilihama. Petroli si dizeli. Hutoa mvuke hata penye baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka ukajikusanya ngamani, mahali palepale ambapo mabaharia wetu walizoea kuweka jiko la makaa wakipika wali na samaki. Tuliweka sharti: jerikeni zinakaa juu, penye hewa, zimefungwa, kujaza ni nchi kavu, jiko limehamia omo, anayetaka kuvuta sigara angoje tufike. Sharti la jiko ndilo lililoleta ugomvi mkubwa kuliko yote, kwa kuwa omo hurukwa na maji na chai huingia chumvi. Tukanunua chupa za chai.

Utunzaji ukahama vilevile. Kufua ngama ya oili kulikwisha. Abiria wakaacha kutapika kwa harufu. Badala yake, kila jioni mashine hushushwa, hubebwa hadi nyumbani kwa sababu ya wezi, huwekwa ndani ya pipa la maji ya kisima na kuwashwa kidogo ili chumvi itoke katika njia zake. Lamu hunywa maji yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, na bibi mmoja jirani alitulaumu kwamba tunaipa mashine kabla ya watu. Tukaanza kutumia pipa moja la maji kwa siku kadhaa.

Siku ya ubovu ilikuja, kama zinavyokuja zote. Kuna uzi wa maji ambao mashine hutoa kwa nyuma kuonyesha kwamba inapoa. Vijana huuita mkojo. Tukiwa tunarudi kutoka Mtangawanda mmoja akapaza sauti, "Haikojoi!" Ikazimwa papo hapo kabla haijaungua. Tanga likapandishwa, tukafika Amu kwa kuchelewa kidogo, abiria mmoja akiwa hajaamka. Jioni ileile mashine ikabebwa begani hadi kwa fundi. Akaiegemeza ukutani barazani, akafungua bolti za mguu, akautoa, akafunua kifuniko cha pampu na kututolea raba yenye mapezi, mapezi mawili yakiwa yamekatika na mengine yamechimbika kwa mchanga. Alikuwa nayo nyingine kwenye kopo. Watoto walisimama kutazama. Kabla ya isha mashine ilikuwa imerudi pipani, inakojoa. Asubuhi mashua ilitoka kama kawaida.

Nililinganisha na ile gasketi. Ugonjwa ulikuwa mdogo mara zote mbili. Mara ya kwanza mashua nzima ililala. Mara ya pili iliyolala ni mashine peke yake. Mnorwe mmoja, Ole Evinrude, aliyekuwa akiishi Milwaukee huko Marekani, alianza kuuza mashine za namna hii mwaka 1909, na tangu mwanzo hiyo ndiyo iliyokuwa fadhila ya mashine hizi: injini na gia na rafadha na usukani wake katika mzigo mmoja wa kuchukulika.

Nimekwishaona wenzetu kadhaa wakituiga, na si wote waliofaidika. Mmoja alifunga mashine ya 40 nyuma ya mashua kama yetu. Anatumia petroli mara mbili yetu na tunafika pamoja. Mwingine aling'oa dizeli akaacha kurudisha farumi, na chombo chake kinawatia watu hofu penye upepo wa ubavuni. Wa tatu hakuwa na tanga tena. Huyo alibadilisha mguu mmoja kwa mwingine, na mashine ya nyuma bila tanga ni dhaifu kuliko dizeli ile aliyoitupa.

Mwaka jana alinijia nahodha wa Kizingitini anayepakia saruji na mawe, naye anataka kung'oa dizeli yake. Amesikia habari zetu. Nilimuuliza mambo matatu. Je, inapoharibika, anayeitengeneza anaishi wapi? Akasema ni mdogo wake, nyumba ya pili kutoka pwani, na vipuri vya kawaida anavyo. Je, anapita mlangoni wakati wa kusi akiwa na mzigo? Mara nyingi, akasema. Je, tanga lake linaweza kukirudisha chombo kilichojaa saruji? Akacheka.

Basi nikamwambia abaki na dizeli yake. Aliona ajabu kidogo, kwamba mtu aliyeing'oa ya kwake amshauri mwenzake asiing'oe. Nikamweleza kwamba swali ni moja kwetu sote, na jibu hutegemea mtu anaishi na nani, anabeba nini na anapita wapi. Akanishukuru, akamaliza kahawa yake, akaenda madukani kununua gasketi ya akiba.